Nani Kaiba Usingizi wa Bibi Mdogo?

Nyumba ya baba yangu iko Magomeni, Dar es Salaam, na imejengwa kwa mtindo wa tangu enzi: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha ua wenye jiko, bomba na choo. Vyumba viwili tunakaa sisi wenye nyumba. Vinne wamepanga Fundi Redio, Mama Mandazi, Mzee Mstaafu wa Reli, na kijana wa bajaji ambaye hata wadogo zake humwita Dogo. Kuta za vyumba hazifiki kwenye bati na dari hakuna, kwa hiyo mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, "Afya!" inatoka chumba cha sita.

Nyumba hii ina saa moja tu ya amani, nayo ni saa nane mchana. Hapo kila mtu husinzia. Waliosomea mambo ya mwili wanasema ubwabwa unasingiziwa: saa iliyomo ndani ya ubongo hupunguza uchangamfu wa mtu mzima mchana kati ya saa saba na saa tisa, awe amekula au ameshinda na njaa. Mama Mandazi, aliyeamka saa tisa usiku kukanda unga, hujinyoosha mkekani uani. Fundi Redio huinamia redio aliyoifungua, bisibisi mkononi. Mama yangu, Bibi Mkubwa, huegemea ukuta na tasbihi yake, na ukimtazama sana utaona kidole hakijaiacha punje ile ile kwa robo saa.

Mtu mmoja tu hakuwa na habari na saa hiyo. Binti yetu, aliyekuwa na miezi 8, alipewa jina la mama yangu, na kwa sababu hiyo nyumba nzima humwita Bibi Mdogo. Mama yangu peke yake humwita somo.

Mimi nafanya zamu ya usiku kwenye mtambo wa kuchapa magazeti. Natoka gazeti la mwisho likishapakiwa garini, na saa moja asubuhi niko nyumbani nanuka wino. Mke wangu anafundisha shule ya msingi, na kwa kuwa wanafunzi ni wengi kuliko madarasa, shule yao ina mikondo miwili. Yeye yuko mkondo wa mchana. Anaondoka saa tano na nusu, anarudi jua linazama. Hesabu ya nyumba ikawa hivi: asubuhi nalala, mchana nalea. Ubaya wa kulala asubuhi ni kwamba saa ya mwili haijali kama umetoka kazini. Jua likipanda inakuamsha, na usingizi unakatika kabla hujashiba. Mgao wangu uliobaki ulikuwa pale saa nane, Bibi Mdogo akilala.

Na Bibi Mdogo hakulala. Ukimlaza, anakaa. Ukimkalisha, anashika ukingo wa kitanda chake cha mbao na kusimama. Ukimlaza tena, anacheka, kwa kuwa ameona nawe umeupenda mchezo. Inapofika alasiri, ua unaamka: msusi anakuja na kigoda chake, watoto wanatoka shule, bomba linafunguliwa, na yeye anataka kuwapo kwa kila jambo. Halafu saa kumi na moja, kijiko cha uji kikiwa mdomoni, anazimika. Mke wangu anarudi anamkuta amelala fofofo, na saa tatu usiku, mimi nikiwa kazini, mtoto anafungua macho na kuanza siku mpya. Usiku huo mama yake anaumalizia akitembea.

Giza la saa nane

Shauri la kwanza lilikuwa langu. Nilikuwa nimesoma kwamba mwanga hukandamiza melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa usiku umeingia. Nikaona dawa ni kuuleta usiku. Nikapachika shuka nzito dirishani, juu ya shuka nikaongeza kanga, na upenyo uliobaki nikauziba kwa magazeti, ambayo kwangu hayana uhaba.

Ilikuwa Februari, na Februari chini ya bati la Magomeni si mwezi wa kufunga dirisha. Feni ilisaidia hadi umeme ulipokatika. Tukabaki wawili gizani, jasho likitutiririka, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenzake. Bibi Mdogo akadhani tunacheza kujificha. Alinyamaza muda mrefu, nikaanza kushukuru, kisha mkono mdogo wenye jasho ukanikamata pua na kicheko kikajaa chumba.

Wakati huo huo muuza sumu ya panya akafika na kipaza sauti chake, akasimama chini ya dirisha letu. Kama unaishi Dar es Salaam unaijua ile sauti iliyorekodiwa, inayotangaza vifo vya panya, mende, kunguni na viroboto bila kuvuta pumzi. Bibi Mdogo akashika ukingo wa kitanda na kuanza kucheza.

Chango, jicho na mbeleko

Mama yangu hakupendezwa na kuona mjukuu wake akifungiwa gizani. "Somo yangu ana chango," akasema, na kwa jinsi alivyosema, shauri likawa limekwisha. Akapasha mafuta ya nazi kidogo, akamkanda tumbo na miguu kwa mkono uliokanda watoto wa mtaa huu kwa miaka. Kwa kuwa huenda pia ni jicho la mtu, akampaka wanja kwenye paji la uso, doa moja kubwa la kumchukiza mwenye husuda. Akamwogesha maji ya uvuguvugu. Mtoto alikaa akistarehe na kunukia, akiwa macho makavu.

"Sasa mlete mgongoni," mama akasema.

Akamfunga mbeleko kwa kanga, akaanza kwenda na kurudi uani huku akimwimbia nyimbo za bembea za kwao Pangani. Nilimtazama kwa matumaini makubwa, kwa maana ndivyo nilivyolala mimi, na kaka zangu, na dada yangu. Hatua zikapungua. Wimbo ukapoteza maneno, ikabaki sauti ya puani. Mama akakaa kwenye kigoda chini ya kivuli cha jiko, akaegemeza bega ukutani, na kimya kikatanda.

Nilinyata kwenda kuchungulia. Bibi Mkubwa alikuwa amelala. Bibi Mdogo, mgongoni kwake, alikuwa ameufungua ushungi wote na sasa anachunguza hereni.

Mama Mandazi akaniita pembeni. Yeye ana dawa ya mafua ya maji, alisema, ile tamu. Kijiko kimoja na mtoto analala hadi magharibi. Nilimwambia mke wangu jioni ile, naye akatoka mpaka uani kuzungumza na Mama Mandazi kwa heshima yote, lakini kwa sauti yake ya darasani. Dawa za mafua zenye kuleta usingizi si za watoto wachanga kabisa: zinaweza kuvuruga pumzi na mapigo ya moyo. Mama Mandazi akaapa kwamba alikuwa anauliza tu, na kesho yake akatuletea mandazi ya bure.

"Mwache alie"

Habari zikafika Temeke, na dada yangu mkubwa akaja. Dada amelea wanne na hana muda wa kubembelezana. Alipofika alimkuta mke wangu hajaondoka kwenda kazini. "Wifi, mnamdekeza," akamwambia. "Mlaze, funga mlango, toka. Atalia, atachoka, atalala. Watoto wangu wote nimewalaza hivyo."

Dada anasahau kwamba watoto wake wote aliwalaza kwenye nyumba yenye geti.

Ilipofika saa nane tulimlaza chali kwenye kitanda chake, chandarua kikashushwa, mlango ukarudishwa, na dada akaweka kiti nje ya mlango akakaa kama askari wa zamu. Bibi Mdogo alingoja kidogo, kwa haki, kuona kama tumekosea. Kisha akalia. Sauti ikapita juu ya kuta, ikapiga bati, ikarudi kwenye vyumba vyote sita.

Wa kwanza kutokea alikuwa Mzee Mstaafu, kikoi kiunoni, akiuliza kama kuna msiba. Fundi Redio akatokea na bisibisi. Dogo, aliyekuwa barazani anafuta bajaji, akaingia mbio akidhani mtoto ameungua. Dada akawaeleza kwa utulivu kuwa hii ni njia, na njia yenyewe inataka subira. Wakaitikia kwa vichwa, wakabaki pale pale koridoni wakimtazama. Hapo ndipo Mama Mandazi alipopita katikati yao wote, bila hodi, mikono ikiwa na unga hadi kwenye viwiko, akafungua mlango na kutoka na mtoto begani.

"Nyumba yenye watu wazima wengi hivi," akasema, "mtoto analia ana nini? Hana watu?"

Kwa swali hilo dada hakuwa na jibu. Alikunywa chai, akasifu mandazi, akarudi Temeke na basi la saa kumi.

Kutoka Japani hadi koridoni

Mke wangu, ambaye usiku wake ndio uliokuwa ukiliwa, akaleta elimu kutoka kwa mwalimu mwenzake wa sayansi. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani, wakiongozwa na Kumi Kuroda, walichapisha utafiti juu ya jambo hili hili. Waliwafuatilia watoto wachanga 21 kwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo, wakaona kwamba mtoto anayelia hutulia akibebwa na mtu anayetembea, na karibu nusu yao walilala baada ya kutembezwa dakika 5. Wakaona na jingine: kinachomwamsha mtoto akilazwa ni kule kubanduliwa kutoka mwilini kwa mbebaji, moyo unaanza kwenda mbio hata kabla mgongo haujagusa godoro. Ushauri wao ukawa: tembea naye dakika 5 bila kusimama ghafla, kisha kaa naye dakika 5 hadi 8 akiwa bado kifuani, ndipo umlaze.

Nilifurahi kwa sababu hatimaye kulikuwa na dakika za kuhesabu. Korido yetu ni ndefu na ina kivuli. Nikambeba kifuani, nikaanza safari kutoka barazani kuelekea uani.

Wajapani hawakueleza la kufanya ukikutana na Mzee Mstaafu. Mlango wa kwanza ulikuwa wake, naye alikuwa kwenye kiti. Huwezi kumpita mtu wa umri wa baba yako bila "shikamoo", na ukishasema shikamoo huwezi kuondoka kabla ya "marahaba", na marahaba ya Mzee Mstaafu ina maulizo nyuma yake: kazi, mama, mtoto, na ile treni ya umeme siku hizi inafika Dodoma kwa saa ngapi. Nilijaribu kujibu huku napiga hatua pale pale nilipo. Mlango wa pili, Fundi Redio alikuwa anajaribu spika. Mlango wa tatu, mteja wa mandazi. Kila tuliposimama, Bibi Mdogo aliinua kichwa na kupunga mkono, ujuzi aliokuwa ameupata wiki ile ile, na kila aliyepungiwa aliona ni ukosefu wa adabu kutomjibu. Tulipofika uani alikuwa amewasalimia watu wote wa nyumba, na mimi ndiye niliyekuwa nahitaji kubebwa.

Dogo akaonea huruma hali yangu. "Bro, mtoto wa mjini huyu, anataka mtikisiko. Panda." Tukatoka na bajaji, tukaingia Barabara ya Morogoro, tukapita Usalama, tukaelekea Mwembechai. Kweli upepo ulikuwa mzuri, na kabla hatujafika Mwembechai kichwa kikaniangukia kifuani. Alikuwa amelala! Tukageuza, tukarudi taratibu kwa kukwepa mashimo, tukasimama mbele ya baraza. Dogo akazima injini. Macho yakafunguka.

Akawasha, yakafumba. Akazima, yakafunguka. Tukakaa pale mbele ya nyumba injini ikinguruma, Dogo akitazama mshale wa petroli na mimi nikimtazama Dogo, hadi akasema kwa upole kwamba kwa bei ya mafuta ya sasa, usingizi huu ni wa watoto wa mawaziri.

Daftari

Mtoto akatimiza miezi 9, mwezi wa chanjo ya surua na rubela, nikaenda naye kliniki na kadi yake. Nilipompa muuguzi maelezo ya vita yetu ya saa nane, hakushtuka. Aliangalia mstari wa uzito, ulikuwa unapanda vizuri. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu katika nyumba yetu aliyekuwa ameliuliza:

"Kwa saa 24 zote, huyu analala saa ngapi jumla?"

Sikujua. Mke wangu anaujua usiku, mimi naujua mchana. Muuguzi akaeleza kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataja saa 12 hadi 16 kwa mtoto wa miezi 4 hadi 11, ukijumlisha na zile za mchana. "Usianze kumtibu kabla hujamhesabu," akasema. "Mwandikieni. Kila akilala, saa. Kila akiamka, saa."

Nikatundika daftari koridoni, kalamu ikafungwa kwa uzi, na amri ikatolewa kwamba yeyote anayemwona Bibi Mdogo amelala aandike. Fundi Redio aliandika mpaka sekunde. Mama Mandazi alichora vijiti, kama anavyowaandikia wanaomkopa. Dogo aliandika "kazima" na "kawaka". Mke wangu aliandika usiku kwa kalamu nyekundu, na mistari yake ilikuwa mingi kuliko ya mtu yeyote.

Tulipojumlisha, siku baada ya siku, saa hazikufika hata 11. Lakini mtoto ana afya, anatambaa, anacheka, anakula. Ama Shirika la Afya Duniani lilikuwa linatuonea, ama daftari lilikuwa linaficha kitu. Mke wangu, aliyezoea kusahihisha madaftari, akaweka kidole kwenye ukurasa. Kati ya saa nne asubuhi na saa sita na nusu hapakuwa na maandishi ya mtu yeyote. Siku zote. Peupe kabisa.

"Saa hizo anakuwa wapi?" nikauliza.

"Na Babu," akasema. "Anamtoa kila siku akapunge upepo, wewe upate kulala."

Tukamwita baba. Alikuja na bakora yake, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mtoto yule halali," akasema. "Macho kodo. Mimi namshika kuanzia natoka hapa hadi narudi, sijamwona akifumba jicho." Baba ni mtu wa msikitini na hasemi uongo. Tukaamini.

Chini ya mwarobaini

Kesho yake niliutoa sadaka usingizi wangu wa asubuhi, nikawafuata.

Kijiwe cha wazee kiko hatua chache kutoka msikitini, chini ya mwarobaini mkubwa. Kuna mabenchi mawili, bao moja lenye mashimo 32 yaliyong'aa kwa vidole, na muuza kahawa anayepita na birika lake akigonganisha vikombe. Barabara iko karibu. Pikipiki zinapita, honi zinalia. Siku hiyo ubishi ulikuwa wa Simba na Yanga, na wabishi hawakuwa wakinong'ona. Kete zilikuwa zinapigwa kwa nguvu ile ya mtu anayetaka mwenzake ajue kwamba amekwisha.

Katikati ya ghasia hizo, kwenye kiti cha uvivu, alikuwapo baba. Kofia ilikuwa imemshukia usoni. Mdomo ulikuwa wazi. Kikombe cha kahawa chungu kilikuwa kitupu karibu na mguu wake. Na kifuani kwake, shavu likiwa limebanwa kwenye kanzu, ute ukiingia mfukoni, Bibi Mdogo alikuwa amelala usingizi ambao mimi sijawahi kuuona nyumbani kwetu.

Mzee mmoja aliketi kando yao akiwapepea kwa gazeti. Lilikuwa la siku ile ile, nililolichapa mwenyewe usiku.

"Wanalala hivi mara nyingi?" nikauliza.

Wazee walinitazama kwa mshangao. "Kila siku," akasema mpepeaji. "Babu anatangulia, mjukuu anafuata. Sisi tunawashika zamu wasianguke. Adhana ya adhuhuri ndiyo inayowaamsha."

Hapo fumbo likafunguka. Baba hakusema uongo. Kwa kuwa yeye hulala kwanza na wote wawili huamshwa na adhana moja, hajapata kumwona mjukuu wake akifumba jicho.

Niliketi benchini, na kwa mara ya kwanza mambo yote yakapangika. Mtu anapokuwa macho, ubongoni mwake hujikusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyozidi ndivyo usingizi unavyomlemea; akilala, inaondoka. Kahawa kazi yake ni kuizuia isifanye kazi, ingawa kwa baba birika zima lisingefua dafu. Sasa mtoto aliyeamshwa na adhana ya adhuhuri baada ya usingizi mnono wa saa mbili, unamlaza saa nane kwa deni gani? Hakuwa na deni lolote. Giza, wanja, mbeleko, Japani na petroli ya Dogo vyote vilikuwa vinadai kwa mtu aliyekwisha kulipa asubuhi. Deni lake jipya lilikuwa linaiva alasiri, wakati ua umeamka na hakuna anayetaka kukosa lolote, na ndiyo maana alizimikia kwenye uji.

Kilichonichoma zaidi ni sababu. Usingizi wangu wa saa nane ulikuwa umeibwa ili nipewe usingizi wa asubuhi.

Kikao

Tulikutana siku yangu ya mapumziko, baada ya isha. Baba alipoelezwa alisema, "Sikulala. Nilifumba macho." Mke wangu, kwa unyenyekevu wa mkwe, akamwambia, "Sawa, baba, lakini mtoto alilala." Hilo baba akalikubali, kwa kuwa halikumhusu.

Uamuzi ukapita. Kuanzia sasa Babu atatoka na mjukuu mapema, saa mbili na nusu, ili alale ule usingizi wa asubuhi akiwa bado mchovu wa kuamka alfajiri. Saa nne anaamshwa, hata kama amelala vizuri namna gani. Swali likawa nani atamwamsha mwamshaji. Dogo akajitolea, akaweka kengele kwenye simu ya baba, mlio wa honi ya treni, kwa heshima ya Mzee Mstaafu aliyekuwa shahidi wa kikao.

Na shuka nzito nikaishusha. Mtoto aliyelala karibu na barabara, vikombe, bao na ubishi wa mpira hakuwa akidai giza wala kimya. Tangu hapo dirisha liko wazi, mlango umeegeshwa, sauti za korido zinaingia kama zinavyotaka. Siku za kwanza alilalamika kidogo. Kisha ikafika saa nane moja akajisugua macho mwenyewe, nikamlaza chali chini ya chandarua, akageuza kichwa upande wa upepo, akalala. Nilisimama nikimtazama kwa kutoamini mpaka nikakumbuka kwamba na mimi nina kitanda.

Hesabu ya daftari ikapanda ikavuka 12. Usiku mke wangu akapungukiwa na mistari myekundu. Nyumba ingeweza kuishi kwa raha milele, kama si baba.

Wazee hulala usiku kwa vipande vipande. Usingizi wao ni mwepesi, na mchana wanafidia. Ile saa ya kijiweni haikuwa anasa, ilikuwa nusu ya usiku wake. Honi ya treni ikilia saa nne, mjukuu anaamka na baba anaamka naye, akiwa na hasira za mtu aliyeshushwa kabla ya kituo chake. Ameanza kufungwa bao na watu aliowafundisha kucheza. Mchana anatandika mkeka koridoni, mbele ya mlango wetu ambako ndiko penye upepo, anakoroma, na kila mtu anayekwenda uani lazima amruke. Katika nyumba yenye watu wengi hivi, nimegundua, usingizi ni mali ya shirika. Hakuna anayeongezewa bila mwingine kupunguziwa, na ukitaka kujua nani kapunguziwa, sikiliza nani anapiga kelele.

Kosa kubwa alilifanya muuguzi. Tulipopita kliniki kupima uzito, baba alikuwa pamoja nasi, naye muuguzi akasema kwa wema kwamba baina ya miezi 12 na 18 watoto wengi huacha usingizi mmoja wakabaki na mmoja tu wa mchana, na kwamba kwa kawaida unaoachwa ni ule wa asubuhi.

Baba hakusema kitu hadi tulipofika nyumbani. Tangu siku hiyo anafanya kampeni. Anataka mjukuu wake awe na msimamo tofauti na watoto wa kawaida, aache ule wa saa nane na kubaki na wa asubuhi, chini ya mwarobaini, bila honi. Mzee Mstaafu yuko upande wake. Wazee wa kijiwe wote wako upande wake. Mama yangu amesema atamuunga mkono mumewe hadharani na mwanawe faraghani. Mimi nina Fundi Redio, na nina Dogo, ambaye anaogopa kuombwa bajaji tena.

Mke wangu ndiye mwenye kura ya turufu, na pande zote mbili tumempelekea wajumbe. Amejibu kwamba anafundisha mchana kutwa na kulea usiku kucha, kwamba katika mgao wote huu hakuna aliyemuuliza yeye analala saa ngapi, na kwamba hoja zetu atazisikiliza akiamka. Kisha akalichukua daftari, akaliandika jina lake ukurasa wa mbele, akampa Babu mtoto, akanipa mimi vyombo, akafunga mlango.